Serikali iwe na mpaka, hata siku ambayo mimi ndiye nimekasirika

UZI. Kwenye mdahalo wowote wa siasa hapa Kenya swali hili halikosi: serikali iachiwe nguvu kiasi gani, na mwananchi aachwe aseme kiasi gani? Safari hii hatutaeleza sisi. Tunaweka maneno ya mama mmoja mwenye agroveti karibu na Kitale, aliyoyasema Jumamosi kwenye kikao cha vijana na vikundi vya akina mama. Ameturuhusu. Kanuni ni ile ile ya kila wiki: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Soma mpaka mwisho kabla hujarusha jiwe.

1/
Vijana wangu, mama zangu, na wazee mlioketi kule nyuma karibu na mlango ili mtoke haraka, nawaona. Hamjambo. Niliambiwa nije nizungumzie siasa ya siku hizi. Nikasema hapana, hiyo mtaipata kwa simu zenu. Mimi nitawaambia ninachoamini, kwa nini ninakiamini, halafu niwaambie siku moja ambayo imani hiyo iliniuma mpaka nikataka kuitupa.

2/
Ninaamini mambo mawili. La kwanza, serikali iwe na mpaka. La pili, mtu asifungwe jela kwa sababu amesema neno ambalo mkubwa hakulipenda. Basi, ni hayo tu. Lakini nikiyasema mbele ya watu, lazima mmoja asimame aulize, "Kwa hivyo mama, wewe hutaki serikali?" Nataka sana. Ngoja nieleze.

3/
Mnajua kazi yangu. Nauza mbegu, dawa za mifugo na chakula cha kuku. Mteja akinunua dawa ya kupe iliyochanganywa na maji, ng'ombe wake anakufa, na ng'ombe huyo ndiye karo ya shule. Kwa hivyo nataka KEBS wapime, nataka feki itolewe sokoni. Nataka polisi duka likivunjwa usiku. Nataka hakimu asiyenunulika. Nataka barabara isiyomeza lori msimu wa mvua. Mtu anayesema serikali yenye mpaka ni serikali dhaifu hajanielewa. Hapa sote tunafuga. Hakuna anayejenga zizi kwa sababu anamchukia ng'ombe. Unajenga kwa sababu unamhitaji, na unajua usipojenga, usiku atakuwa kwenye mahindi ya jirani.

4/
Sasa zizi lenyewe limeandikwa. Katiba yetu ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 19 kinasema jambo ambalo wengi hatujawahi kulisoma polepole: haki ni za kila mtu, na hazitolewi na serikali. Hebu mlirudie kichwani. Hazitolewi. Kwa hivyo nikisimama hapa kusema, sina haja ya kumshukuru mtu kwa kuniruhusu. Hakuna aliyenipa. Aliye na kazi ya kujieleza ni yule anayetaka kuninyamazisha.

5/
Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Hiyo inatuhusu sisi wa soko. Tuna kaunti 47, na kila kaunti hutunga sheria yake ya fedha. Askari wa kaunti akija na ada mpya aliyoamka nayo, muulize kwa heshima, "Ni sheria gani, na risiti iko wapi?" Ukiuliza hivyo haujakuwa mkaidi, wala haujaingia upinzani. Umeshika fito ya zizi uone kama bado imara.

6/
Kuna wale husema, "Haya ya mipaka ni ya Wazungu. Mwafrika anataka kiongozi mwenye mkono mzito." Nawaachia wazee wa kule nyuma wajibu. Kuanzia mwaka 1982 mpaka 1991, nchi hii ilikuwa na chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Uchochezi dhidi ya serikali ulikuwa kosa la jela, na uchochezi ulikuwa neno pana kama gunia. Kufanya mkutano wa hadhara kulihitaji leseni.

7/
Baba yangu alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi. Mwaka 1988, mimi nikiwa darasa la tano, waliitana pale kwetu nyumbani wazungumze bei ya mahindi. Walikuwa watu kumi na wawili na sufuria moja ya uji. Askari wa utawala wakaingia. "Leseni ya mkutano iko wapi?" Baba akasema huu si mkutano wa hadhara, ni majirani. Wakahesabu vichwa, wakaangalia uji, wakasema ni hadhara. Alilala seli siku mbili.

8/
Hakupigwa. Nasema hivyo kwa sababu wengine walipitia makubwa zaidi, na sitaki kujitwika msalaba usio wangu. Lakini tangu siku ile baba hakusema tena mkutanoni. Na nyumbani, kabla hajazungumza na mama kuhusu bei ya mahindi, bei ya mahindi jamani, aliinuka kwanza akaongeza sauti ya redio. Sisi watoto tulidhani anapenda muziki.

9/
Mwaka 1997 sheria zikabadilishwa. Kosa lile la uchochezi dhidi ya serikali likafutwa. Leseni ya mikutano ikaondolewa, ikabaki taarifa: unamjulisha OCS angalau siku tatu kabla, na isizidi siku kumi na nne. Taarifa si ombi, kumbukeni hilo. Ukimwambia jirani kesho una harusi, hujamwomba akuruhusu kuoa. Na Katiba ikaja kuweka muhuri kwenye Kifungu cha 37: haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ilibadilika. Baba hakubadilika. Aliongeza sauti ya redio mpaka mwaka aliofariki. Sheria mbaya ukiifuta kitabuni, inabaki ndani ya watu kwa muda mrefu.

10/
Mtaniambia hiyo ni historia. Sawa, tuje karibu. Baada ya Katiba mpya kulikuwa bado na sheria iliyosema ni kosa kutuma kwa simu au mtandao ujumbe unaochukiza sana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaifuta. Kulikuwa na nyingine ya kumshtaki mtu kwa kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Ikafutwa mwaka 2017. Mwaka huo huo ikafutwa ile ya kumfunga mtu jela kwa kumharibia mwingine jina. Sheria tatu ndani ya miaka miwili, na kuna walioshtakiwa kwa sababu ya kuandika tu mtandaoni.

11/
Shida kubwa ya sheria kama hizo ni kwamba hazina kipimo. "Ujumbe unaochukiza." Unamchukiza nani? Mimi nachukizwa na mtu akisema ugali wa mahindi ya njano ni mtamu. Mwanasiasa anachukizwa na picha yake ikichorwa na tumbo kubwa. Sheria ikikosa kipimo, kipimo kinakuwa hasira ya mwenye cheo siku hiyo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

12/
Na msifikiri ni ugonjwa wa upande mmoja wa siasa. Mnakumbuka Januari 2018, vituo vya runinga vilipozimwa kwa sababu ya kuonyesha tukio moja la kisiasa? Mahakama Kuu iliamuru virudishwe hewani, na bado vingine vilikaa gizani siku kadhaa. Wakati ule nilikuwa na wateja waliokuja dukani wakicheka: "Wacha wazimwe, wamezidi." Nikawauliza, na mkigeuziwa ninyi? Wakasema haiwezekani. Jamani, katika siasa za Kenya ni nini hakiwezekani? Waliokuwa maadui jana leo wanagawana viti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Viti vinabadilishwa, lakini mkuki ni ule ule, umeegemezwa ukutani unamsubiri anayefuata.

13/
Sasa nije kwa siku yangu. Hapa ndipo nilitaka kuwafikisha, kwa sababu kutetea uhuru wa kusema wakati anayesemwa ni mtu mwingine, hiyo ni rahisi. Hata mimi niliifanya kwa miaka.

14/
Mwaka 2021. Tuna kikundi cha WhatsApp cha wafugaji, watu zaidi ya mia mbili. Asubuhi moja kijana mmoja akaweka picha ya vifaranga waliokufa, wamepangwa kwenye gunia. Chini akaandika kwamba chakula changu kimeua vifaranga wake themanini, na kwamba nachanganya na mchanga ili mfuko uwe mzito. Akataja duka. Akataja jina langu. Kufika saa sita ile picha ilikuwa imefika vikundi ambavyo hata sivijui. Jumatatu niliuza mifuko kumi. Alhamisi niliuza mmoja, na huyo aliyenunua alikuwa shemeji yangu.

15/
Nilikuwa na mkopo. Nilikuwa na mtoto anaingia kidato cha kwanza. Usiku sikulala. Niliona kila mtu barabarani ananitazama mikono kama nimeshika mchanga. Kuna methali tunaipenda sana: lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Nawaambia, siku ukiwa wewe ndiye unasemwa, hiyo methali ni kisu.

16/
Ijumaa nikaenda kituo cha polisi. Mimi, niliyekuwa nikihubiri hapa hapa kwenye huu ukumbi. Nikamwambia afisa nataka huyu kijana ashikwe. Akanisikiliza vizuri, akaniambia kuna sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni. Ilikuwa na kifungu cha habari za uongo zinazomharibia mtu sifa. Adhabu yake, jela mpaka miaka kumi, au faini mpaka shilingi milioni tano. Miaka kumi. Nitawaambia ukweli: niliposikia miaka kumi, nilifurahi. Sikuona ni mingi. Nilishika kalamu, nikaandika jina lake.

17/
Halafu afisa akaniuliza swali. Akasema, "Mama, sheria inataka awe alijua ni uongo. Je, alijua, au aliamini?" Nikanyamaza. Kwa sababu mchanga ulikuwa uongo, hilo nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini vifaranga walikuwa wamekufa kweli. Themanini. Kijana alikuwa amechukua mkopo kama mimi. Aliamka asubuhi akakuta gunia la vifo, na kitu pekee kipya kilichokuwa kimeingia bandani mwake ni chakula kutoka kwangu. Huyo ni mwongo, au ni mtu amekosea akiwa na uchungu? Nikaomba ile karatasi, nikaikunja, nikasema nitarudi Jumatatu.

18/
Sikurudi. Si kwa sababu nilikuwa na roho safi, msinipambe. Jumamosi nilimpigia daktari wa mifugo, nikamwomba twende naye kwa huyo kijana. Kijana alifungua lango huku anatetemeka, alidhani nimekuja na askari. Daktari akaangalia vifaranga waliobaki. Ilikuwa Gumboro. Chanjo ilikuwa imechelewa. Chakula changu hakikuwa kimeua mtu.

19/
Nikajaa kiburi, nikasema sawa daktari, sasa twende dukani uone nilivyo msafi. Tukaenda. Akaingia stoo, akainama, akavuta mifuko ya chini kabisa, ile iliyogusa sakafu. Miwili ilikuwa imeshika unyevu. Akafungua. Kuvu. Wale wanaofuga mnajua sumu ya kuvu inafanya nini kwa kuku, na inafanya nini kwa mtu anayekula mayai na nyama. Ile mifuko ningeiuza wiki iliyofuata bila kujua.

20/
Nataka mkae na hilo kidogo. Kijana alisema uongo kuhusu mchanga. Alikosea kuhusu vifaranga. Na kama hangesema, ningeuza sumu. Kama Ijumaa ile angeshikwa, kila mtu kwenye kikundi angejua somo: ukiwa na shaka na mwenye duka, nyamaza. Na mimi ningeendelea na stoo yangu yenye unyevu, nikiwa na jina safi kabisa. Maneno mabaya huja yamechanganyika na ukweli, kama maharagwe na mawe. Ukimwaga yote ili usivunjike jino, umelala njaa.

21/
Niliandika kwenye kikundi mambo yote mawili. Kwamba ni Gumboro, na daktari akathibitisha. Na kwamba nimepata mifuko miwili yenye kuvu, nimeiteketeza, na nimeweka mbao chini ya mifuko yote. Mume wangu alisema la pili usiliandike. Nikaliandika. Wateja wengine walirudi, wengine mpaka leo hawajarudi, na nawaona wakipita upande wa pili wa barabara. Kijana hakuniomba msamaha. Aliandika "Sawa mama," akatuma na kidole gumba. Basi. Uhuru wa kusema una gharama, na wakati mwingine anayelipa si yule aliyesema. Anayewaambia ni wa bure anawadanganya.

22/
Je, sikuwa na njia yoyote? Nilikuwa nayo. Kifungu cha 33 kinatupa uhuru wa kujieleza, na hapo hapo kinasema anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine. Ningeweza kumwandikia barua ya wakili, asahihishe alichoandika. Ningeweza kumshtaki anilipe fidia. Hiyo ni kesi kati yangu na yeye, na mahakama inapima. Ndiyo maana mwaka 2017 Mahakama Kuu iliona jela ni nzito kupita kiasi kwa kosa la kuharibu jina, kwa sababu njia ya fidia ipo. Mtu akinivunjia kioo cha duka kwa bahati mbaya, nalipwa kioo. Sijengewi gereza.

23/
Najua swali linalokuja, na ni zito. "Mama, na matamshi ya chuki?" Hapa Kitale hamhitaji kufunzwa. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, SMS zilitembea kuliko moto. Jirani aliyekuazima jembe Jumapili, Jumatano haonekani. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Familia tatu zililala kwenye duka langu, kati ya mifuko ya mbegu, na nusu yao walikuwa wa kabila moja, nusu la lingine.

24/
Kwa hivyo hapana, sisemi kila neno liachwe. Kifungu cha 33 chenyewe hakilindi propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Mwaka 2008 tukapata sheria ya uwiano na utangamano, yenye faini mpaka shilingi milioni moja au jela mpaka miaka mitatu. Naiunga mkono. Lakini tofautisheni. Ukisema "chakula cha mama huyu ni kibaya," umeumiza mfuko wangu. Ukisema "watu wa kabila la mama huyu wachomwe," kuna mtu anatafuta kiberiti. La kwanza nitalijibu kwa mdomo wangu. La pili siwezi kulijibu nikiwa ndani ya nyumba inayowaka. Hapo ndipo nataka serikali, na naitaka haraka.

25/
Shida ni kwamba hata hapo kamba hukatikia pembamba. Kijana wa simu ya skrini iliyopasuka anashikwa usiku. Mkubwa anayesema yale yale juu ya gari mbele ya umati, kesi yake inaahirishwa mpaka tunasahau. Mpaka wa kweli unamshika aliye na kipaza sauti kabla ya kumshika aliye na bando la shilingi ishirini.

26/
Sasa nimpe haki mpinzani wangu. Nina jirani, mzee mwerevu, tunabishana naye dukani kila wiki. Yeye anasema, "Maskini hana kinga ila serikali kubwa. Mpaka ni lugha ya wenye maduka." Ana hoja. Kifungu cha 43 kinataja afya, chakula, maji, makao, elimu. Hivyo havishuki kama mvua, lazima mtu akusanye kodi na ajenge. Mimi sibishani na kukusanya. Nabishana na kukusanya bila kuulizwa. Serikali inayojenga zahanati ndiyo nataka niwe huru kuiuliza mbona zahanati haina dawa. Na mwananchi maskini ndiye anahitaji sauti zaidi, kwa sababu tajiri akinyimwa kusema, atapiga simu.

27/
Mlikiona mwaka 2024. Mswada wa Fedha ukaja. Vijana hawakungoja kuelezwa. Waliusoma kipengele kwa kipengele kwenye simu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawaeleza mama zao mkate na mafuta vinahusikaje. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha, kesho yake ikatangazwa kwamba hautatiwa saini. Lakini makumi ya watu walikuwa wameuawa katika maandamano yale. Sitalizungumzia kwa haraka. Kuna wazazi ambao hakuna mswada utakaowarudishia mtoto. Pia kuna mwenye kibanda aliyeporwa siku hizo, ambaye hakuandika mswada wala hakuupitisha. Kifungu cha 37 kinasema kwa amani na bila silaha. Neno hilo linamfunga anayeandamana. Na anayefyatua risasi kwa mtu asiye na silaha amevunja zizi lote, haijalishi amevaa sare gani.

28/
Basi tufanye nini? Kampeni zitakuja, na kila mmoja atasema "tutadhibiti". Tutadhibiti mitandao, tutadhibiti bei, tutadhibiti makanisa, tutadhibiti boda boda. Msipige makofi kwanza. Muulizeni maswali matano.
Moja: ni sheria gani, na inasema nini kwa maneno wazi?
Mbili: nani atapima kwamba nimekosa, na yeye anapimwa na nani?
Tatu: nikionewa, nakata rufaa wapi?
Nne: hakuna njia nyepesi zaidi? Hilo si langu, liko kwenye Kifungu cha 24. Haki haibanwi ila kwa sheria, kwa sababu za msingi, na kama kuna njia isiyobana sana, hiyo ndiyo itumike.
Tano, na hili ndilo hawalipendi: nguvu hiyo unayoiomba, ungekubali apewe mpinzani wako?
Akisita kwa la tano, mmemjua.

29/
Na msingoje kampeni. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Andika barua. Dawa za zahanati zilizoletwa mwezi uliopita ni ngapi? Basari imepewa watoto gani? Weka nakala, piga muhuri wa kupokelewa, hesabu siku. Kulalamika kwenye WhatsApp kuna nafasi yake, mimi mwenyewe nimefaidika nako. Lakini barua yenye muhuri haifutiki mtu akikuondoa kwenye kikundi.

30/
Namaliza, naona wazee wameanza kukunja makoti. Mimi si mwanasheria. Ni mama wa agroveti ambaye siku moja alishika kalamu akitaka kijana wa watu akae jela miaka kumi, na akaona ni haki. Ndiyo maana nataka serikali iwe na mpaka. Kwa sababu najua nilivyokuwa Ijumaa ile, na mimi nilikuwa na kalamu tu. Fikirieni mtu mwenye hasira kama yangu, ana kituo kizima cha polisi.

31/
Kwangu nyumbani redio iko mezani. Tunaisikiliza kwa sauti ya kawaida, na bei ya mahindi tunaijadili dirisha likiwa wazi. Watoto wangu hawajui kama hilo ni jambo. Nataka watoto wao pia wasijue.

Asanteni. Haya, sasa nibishieni.

32/
Mwisho wa hotuba. Jibu swali la tano kwa upande unaoupenda wewe, si ule unaouchukia. Hakuna majina.